Wasomaji Wanauliza: Kuhamia Laptopu Mpya Bila Kuacha Kitu

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi ambao laptopu zao hazikidhi masharti ya Windows 11 wamelazimika kubadilisha mashine. Maswali ya safari hii yote yanahusu hatua hiyo. Folda ambazo mtu anazifungua kila siku hupotea mara chache. Kinachopotea ni kile ambacho mwenyewe hakujua kinakaa wapi, na ndiyo maana majibu yetu yanaingia ndani kidogo.

SWALI: Ndugu mhariri, laptopu yangu ya zamani ina picha, video za familia na nyaraka zinazofika GB 340. Nimekuwa nikihamisha kidogo kidogo kwa flashi ya GB 64, lakini video kubwa zinakataa ingawa flashi ina nafasi. Sasa hata sikumbuki nimeshahamisha zipi.

Iweke flashi pembeni. Video zinakataa kwa sababu flashi hiyo imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4 hata flashi nzima ikiwa tupu. Ungeifomati upya kwa mfumo mpya zaidi wa exFAT zingekubali, lakini bado ungekuwa na safari sita za kwenda na kurudi, na kila safari ni nafasi nyingine ya kuruka folda au kubandika toleo la zamani juu ya jipya.

Pata diski ya nje ya TB 1. Usishtuke Windows ikikuonyesha GB 931: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na hakuna kilichopungua. Laptopu zote mbili zikiwa za Windows, diski ibaki kwenye NTFS, mfumo wa Windows wenyewe. Upande mmoja ukiwa Mac, tumia exFAT, kwa sababu Mac inasoma NTFS lakini yenyewe haiandiki humo. Ila exFAT haina kumbukumbu ya kujirekebisha baada ya kukatizwa, kwa hiyo ukiichomoa kabla ya kuamuru diski iondolewe salama unaweza kuharibu orodha nzima ya mafaili.

Angalia pia tundu unalochomekea. Diski ya kuzunguka (HDD) ikiwa kwenye USB 3 huandika takriban MB 110 kwa sekunde, na GB 340 zako zitakwisha kwa dakika 50 hivi. Diski hiyohiyo kwenye tundu la USB 2 inashuka hadi kama MB 35 kwa sekunde, na kazi inakuwa ya muda wa saa 2 na dakika 40. Matundu ya USB 3 mara nyingi yana plastiki ya buluu au herufi SS pembeni. Waya nao uwe wa USB 3. Waya wa zamani unairudisha diski kwenye mwendo wa USB 2 bila kukuambia. Ukiwa na maelfu ya mafaili madogo, ongeza muda, kwani kila faili lina shughuli yake ya kufunguliwa na kuandikishwa, liwe la KB 3 au la GB 3.

Kabla ya kunakili chochote, hesabu. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, uandike kwenye karatasi idadi ya mafaili na ukubwa wake. Fanya hivyo kwa Documents, Pictures, Videos, Music, Desktop na Downloads. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli baadaye.

Sasa nakili, wala usikate. Ukikata na kubandika, kila faili likishafika upande wa pili linafutwa kwenye asili, na umeme ukikatika katikati utakuwa na nusu huku na nusu kule. Kwa mzigo kama wako tunapendekeza robocopy, amri iliyomo ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt uandike, ukibadilisha jina la mtumiaji na herufi ya diski:

robocopy "C:\Users\Jina\Pictures" "E:\Hamisha\Pictures" /E /XJ /R:2 /W:5 /DCOPY:DAT /LOG:E:\ripoti-picha.txt

/E inachukua folda zote za ndani, hata zilizo tupu. /XJ inaruka viungo vya ndani vya Windows ambavyo huweza kuizungusha amri kwenye folda zilezile bila mwisho. /R:2 na /W:5 zinaiambia ijaribu faili gumu mara 2, ikingoja sekunde 5 kila mara. Usiziache hizi mbili: bila hizo robocopy hurudia mara 1,000,000 kwa kungoja sekunde 30, na faili moja bovu litakukalisha hapo mpaka uchoke. /DCOPY:DAT inahifadhi tarehe za folda. Mwisho wa ripoti kuna jedwali; safu ya FAILED isome 0. Isiposoma 0, tafuta neno ERROR humo humo ndani, utaona jina la kila faili lililokwama. Mara nyingi ni faili ambalo programu fulani bado imelifungua. Funga programu, rudia amri ileile. Itachukua yaliyobaki tu na kuyaruka yaliyokwisha kwenda.

Tahadhari mbili. Usiandike "E:\" peke yake ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu ule mkwaju wa mwisho unaimeza alama ya kufungia na amri inavurugika. Na ukiona mtu amekushauri /MIR, elewa kwamba hiyo inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Ukikosea mpangilio wa folda, itafuta ulichotaka kuokoa.

Ukimaliza, rudi kwenye karatasi. Linganisha idadi ya mafaili na mstari wa Size, si wa Size on disk. Huo wa pili unaweza kutofautiana: exFAT kwenye diski kubwa kwa kawaida hugawa nafasi kwa vipande vya KB 128, kwa hiyo faili la KB 3 linakalia KB 128 nzima. Kisha fungua mafaili kumi hivi ya aina mbalimbali, na video uzirukishe hadi mwisho, maana faili lililokatika huanza kucheza vizuri kabisa.

SWALI: Nilinakili Desktop na Documents kwenye diski ya nje nikiwa sina intaneti. Majina ya folda yapo, lakini mafaili mengi hayapo, na Windows ilinipa ujumbe wa makosa nisiouelewa. Je, diski ni mbovu?

Diski ni nzima. Mafaili hayo hayakuwemo ndani ya laptopu. Yako kwenye wingu la OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na ulichokuwa nacho ni vivuli vyake. Tazama alama kando ya kila jina. Wingu la buluu maana yake faili liko mtandaoni tu. Duara jeupe lenye tiki ya kijani maana yake limepakuliwa lakini Windows inaweza kuliondoa nafasi ikibana. Duara la kijani lililojaa lenye tiki nyeupe ndilo lililobaki hapo kwa amri yako.

Unganisha intaneti, bofya folda kwa kitufe cha kulia, uchague Always keep on this device, uiache mpaka alama zote zigeuke kijani kilichojaa. Hakikisha kwanza diski ya ndani ina nafasi ya kuyapokea. Hapo ndipo unakili. Kama laptopu mpya utaingia kwa akaunti ileile ya Microsoft, huna haja ya kunakili hata kidogo, yatashuka yenyewe. Lakini sisi tungechukua nakala ya diski pia, kwa sababu ifuatayo.

Windows 11 mara nyingi huhamishia Desktop, Documents na Pictures ndani ya folda ya OneDrive wakati wa kuandaa mashine. Watu hawalioni hilo. Siku wanapoisafisha laptopu ya zamani kwa kufuta folda mojamoja wakidhani mpya ina nakala yake, wanafuta kwenye wingu, na laptopu mpya inatii na kufuta pia. Ikikutokea, ingia OneDrive kupitia kivinjari ufungue pipa la taka. Kwa akaunti binafsi vitu hukaa humo siku 30. Ukitaka kuisafisha laptopu ya zamani, kwanza itenganishe na akaunti kwenye mipangilio ya OneDrive, ndipo ufute.

SWALI: Naweza kuchomeka waya wa USB moja kwa moja kati ya laptopu mbili?

Waya wa kawaida wenye vichwa vipana pande zote mbili, hapana. Kila laptopu inatoa volti 5 kupitia tundu hilo, na unaweza kuunguza moja. Waya wa mtandao wa Cat 5e unafaa zaidi: chomeka pande zote mbili, shiriki folda moja kwenye laptopu ya zamani, na kama matundu yote ni ya gigabiti utapata karibu MB 110 kwa sekunde. Laptopu nyembamba isiyo na tundu hilo inahitaji adapta ya USB. Wenye Mac mbili wana njia nyepesi kuliko zote, Migration Assistant, na inakwenda kasi zaidi kwa waya wa Thunderbolt kuliko kwa Wi-Fi.

SWALI: Nilinakili folda nzima ya Chrome kutoka AppData (folda iliyofichwa ya data za programu). Alamisho (bookmarks) zimekuja, manenosiri hakuna. Kwa nini?

Kwa sababu Chrome kwenye Windows huyafungia manenosiri kwa ufunguo unaotokana na akaunti yako ya Windows kwenye mashine ileile. Folda ikihamia penginepo, ufunguo haupo, na kilichobaki ni herufi zisizosomeka. Ni ulinzi mzuri. Mwizi wa diski naye angekwama hapohapo.

Rudi kwenye laptopu ya zamani. Ama uwashe ulandanishi (sync) kwa akaunti ya Google ukangoja umalize, ama uingie kwenye kidhibiti cha manenosiri, sehemu ya mipangilio, uyatoe kama faili la CSV kisha uliingize kwenye laptopu mpya. Faili hilo ni maandishi matupu: yeyote atakayelifungua anasoma kila nenosiri lako. Lihamishe kwa flashi, usilitume kwa barua pepe, na ukishaingiza ulifute kwenye mashine zote mbili, kwenye flashi na kwenye mapipa ya taka.

Firefox ni tofauti. Andika about:support kwenye upau wa anwani, ufungue folda ya wasifu, funga Firefox, unakili folda nzima. Manenosiri yako kwenye logins.json na ufunguo wake kwenye key4.db, na vyote viwili vinasafiri pamoja. Thunderbird inafuata mtindo huohuo, barua zote zikiwemo.

Kuna kimoja ambacho hakihami kwa njia yoyote kati ya hizi: funguo za siri za kuingilia (passkeys) zilizohifadhiwa na Windows Hello. Hizo zimefungwa kwenye chipu ya laptopu yenyewe. Kabla hujaiacha mashine ya zamani, ingia kwenye kila akaunti unayoifungua kwa uso au kidole, uongeze laptopu mpya au simu kama njia nyingine.

Na kwa kuwa umeshafika AppData, pekua zaidi. Vijikaratasi vya Sticky Notes, maendeleo ya michezo na nakala za iPhone (tafuta folda MobileSync) vinakaa katika pembe kama hizo. Barua za Outlook zilizo kwenye faili la PST mara nyingi ziko Documents, ndani ya Outlook Files, hilo lichukue. Faili la OST, ambalo ni nakala tu ya barua zilizo kwenye seva, liache, litajengwa upya kutoka kwenye seva. Programu zenyewe hazinakiliwi: folda ya Program Files ukiihamisha haitafanya kazi, kwa sababu kila programu imetawanya maelezo yake kwenye rejista ya Windows. Zisakinishe upya, na zenye leseni ya idadi ya mashine uziondolee usajili kwenye laptopu ya zamani kwanza.

SWALI: Muziki wangu wote umefika, lakini orodha za kucheza hazichezi kitu, na iTunes inaonyesha alama ya mshangao kwenye kila wimbo.

Orodha ya kucheza haina muziki ndani yake. Ina anwani. Kama nyimbo zilikuwa D:\Muziki na laptopu mpya ina C peke yake, kila anwani inaelekeza mahali pasipokuwepo.

Orodha za M3U8 zinatengenezeka kwa dakika moja: ifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl+H, badilisha D:\Muziki kuwa anwani mpya, hifadhi kwa UTF-8 ili majina yenye herufi zisizo za kawaida yasiharibike.

Kwa iTunes, rudi laptopu ya zamani. Kwenye menyu ya File, Library, Organize Library, chagua Consolidate files. Itakusanya kwenye folda yake nyimbo zote zilizotapakaa. Funga iTunes, nakili folda nzima ya iTunes iliyo ndani ya Music, pamoja na faili la iTunes Library.itl, maana humo ndimo zilimo orodha, nyota na hesabu za kusikiliza. Kwenye laptopu mpya fungua iTunes huku umeshikilia Shift, uielekeze kwenye folda hiyo. Kisha iondolee idhini laptopu ya zamani, kwani ununuzi wa Apple unaruhusu kompyuta 5 tu kwa akaunti moja.

SWALI: Baada ya kuhamisha, picha za miaka kumi zote zinaonyesha zimeundwa leo. Nimeharibu kitu?

Hapana. Kunakili kwa kawaida kunaweka tarehe mpya ya kuundwa kwa faili. Tarehe ya kupigwa picha iko ndani ya picha yenyewe. Panga folda kwa Date taken na mpangilio utarudi. Picha zilizopitia WhatsApp hazina tarehe hiyo ya ndani, ila majina yake huwa na mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo usiyabadilishe.

SWALI: Laptopu ya zamani imekufa, haiwaki. Fundi anasema diski inaweza kutolewa na kusomwa. Nini cha kuangalia?

Kwanza hakikisha imekufa kweli. Iunganishe na televisheni kwa HDMI. Kama ni skrini tu iliyokufa, utaona kila kitu hapo na hakuna haja ya bisibisi.

Ikiwa haiwaki kabisa, aina ya diski ndiyo inaamua kasha utakalonunua. Ya inchi 2.5 inaingia kasha la SATA. Ile nyembamba kama kipande cha ubani, M.2, inakuja kwa namna mbili zinazofanana sura, SATA na NVMe, na kasha la moja halisomi nyingine isipokuwa limeandikwa kwamba linakubali zote. Soma lebo ya diski kabla ya kulipa. Baadhi ya laptopu zina hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao, haitoki. Mac zenye chipu ya T2 au za Apple silicon zinasimba kila kitu, yaani zinakigeuza kisisomeke, kwa ufunguo ulio ndani ya chipu, kwa hiyo pale ubao wenyewe ndio wa kufufuliwa.

Ukichomeka na Windows ikadai ufunguo wa BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, inataka tarakimu 48. Laptopu nyingi zilizoandaliwa kwa akaunti ya Microsoft zilijisimba zenyewe, na ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Ingia kupitia kivinjari, ukurasa wa vifaa, uutafute. Bila ufunguo huo hakuna fundi atakayeyasoma. Ikisema huna ruhusa ya kufungua folda yako, bofya Continue na uwe na subira, inabadilisha ruhusa faili kwa faili.

Na ikisema diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, kataa. Ujumbe huo unatoka hata pale mafaili yapo salama na kilichoharibika ni jedwali la mwanzo tu. Chomoa, utafute mtu mwenye programu za uokoaji. Diski ya kuzunguka ikigonga tik-tik, usiendelee kujaribu wala usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, inayoilazimisha diski dhaifu kufanya kazi zaidi. Chenye thamani kubwa kitolewe kwanza, tena na mtaalamu.

SWALI: Ninatoka Mac naingia Windows. Nimeona mafaili madogo mengi yanayoanza na nukta na mstari wa chini. Niyafute?

Futa bila wasiwasi. Ni maelezo ya ziada ambayo Mac huandika kwenye diski za exFAT. Linalohitaji kazi ni majina: Mac inakubali alama kama ? na * ndani ya jina la faili, Windows inazikataa, kwa hiyo yabadilishe ukiwa bado upande wa Mac. Nyaraka za Pages na Keynote zitoe kama Word, PowerPoint au PDF mapema. Picha za HEIC (umbizo la picha za iPhone) zitahitaji viendelezi vya HEIF na HEVC kutoka Microsoft Store.

SWALI: Nisubiri muda gani kabla ya kuifuta laptopu ya zamani?

Mwezi mmoja kamili wa kutumia mpya, ili upitie angalau mara moja kila kazi unayoifanya kila mwezi. Katika muda huo data yako iwe mahali pawili mbali na laptopu ya zamani: laptopu mpya na ile diski ya nje. Usiifomati diski kwa matumizi mengine.

Siku ya kufuta, ondoa usajili wa programu, toka kwenye akaunti zote, nenda Settings, Update & Security, Recovery (kwenye Windows 11 ni Settings, System, Recovery), Reset this PC, uchague Remove everything, kisha kwenye Change settings uwashe Clean data. Kwa diski ya kuzunguka, kuandika juu yake mara moja kunatosha. Kwa SSD, diski isiyozunguka, chipu yake huhamisha data kimyakimya kati ya vyumba vyake, kwa hiyo kinachokulinda zaidi ni kuwa ilikuwa imesimbwa kabla ya kufutwa. Kama haikuwa, washa usimbaji kwanza, ungoje ufike asilimia 100, ndipo ufute. Kama hutaitoa kwa mtu bali utaihifadhi kabatini, iache na chaji ya nusu na uiangalie kila baada ya miezi sita.